Kufunga Ngozi kwenye Skii za Pua Mbili

Njeri, uliniomba niandike, na Kalala naye akatikisa kichwa kukubali, jambo ambalo kwake ni hotuba. Mlitaka maelezo ya kufunga ngozi kwenye skii pana zilizopinda mbele na nyuma, kwa sababu nimestaafu na sasa hakuna wa kumwita kutoka meza ya pili. Mara mbili nimekaa kuandika maelezo matupu, na mara zote mbili nimejikuta nawaandika watu. Mtanivumilia. Maelezo yamo, lakini yamechanganyika na walionifundisha na niliowakosea, na mimi sijui kuyachambua. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha yetu watatu pale karakana: Mkenya, Mkongo na Mtanzania, kila mmoja akiamini kwamba wenzake wanaiharibu.

Sikuja Toronto kufanya kazi ya theluji. Morogoro nilikuwa fundi wa maturubai. Nilishona vifuniko vya malori, mahema ya harusi na ya misiba, na mapazia ya vibanda sokoni. Mume wangu alitangulia huku, nami nikamfuata, tukapanga Weston kwenye ghorofa la zamani ambalo lifti yake ilikuwa na siku zake za kufanya kazi. Nikapata kibarua cha kukunja mashuka katika dobi la hoteli karibu na uwanja wa ndege. Nilikunja mashuka miaka miwili, na sina la kusimulia juu ya mashuka.

Halafu tukaalikwa harusi Etobicoke, nikakalishwa meza moja na mzee mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Mwanza, jina lake Bwana Nizar. Alikuwa na duka la vifaa vya theluji, hasa skii, zile mbao ndefu za kutelezea. Aliwahi kuwa muuzaji katika duka hilohilo, na mwenye duka alipochoka, akamwachia. Nilimwuliza Mwanza na theluji wapi na wapi. Akasema, "Dada, mimi nauza viatu. Hivi ni viatu virefu tu." Kisha akaanza kulalamika kwamba hapati mtu wa kumshonea mikanda na mifuko ya mgongoni. Nikamwambia nimeshona turubai la lori la tela. Akaweka kijiko chini.

"Jumatatu unaweza?"

Jumatatu nikafika. Karakana ilikuwa nyuma ya duka kama ilivyo leo: meza mbili ndefu, taa za bomba, harufu ya nta iliyoungua, na mlango wa kutokea uani. Fundi mkuu aliitwa Eino, mzee mrefu mwembamba wa Ontario ya kaskazini ambaye babu zake walitoka Ufini. Hakunisalimu. Alinipa kipande kirefu cha kitambaa, upande mmoja manyoya, upande wa pili gundi, akasema, "Usishike upande wa gundi."

Nilikuwa nimeshaushika.

Hiyo ndiyo ilikuwa ngozi yangu ya kwanza. Ilinichukua muda kuelewa kwamba si ngozi. Eino alisema zamani watu wa kaskazini walitumia ngozi ya sili, mnyama wa baharini, na jina likabaki. Siku hizi ni nailoni, au manyoya ya mbuzi, au vyote viwili pamoja. Mtu anayetaka kupanda mlima kwa skii huibandika chini ya skii, kwenye soli. Manyoya yamelala kuelekea nyuma. Ukisukuma skii mbele, inateleza. Ikitaka kurudi nyuma, manyoya yanasimama na kuikamata theluji. Akifika juu, anabandua ngozi, anazikunja, anazitia ndani ya koti, anateremka. Nilipomwuliza kwa nini mtu apande mlima kwa miguu yake saa nne ili ateremke kwa dakika kumi, Eino alifikiri sana. "Sijawahi kupata jibu zuri," alisema. "Nimefanya hivyo miaka hamsini."

Majira yale ya baridi alinifundisha kila kitu kwa sentensi fupi. Soli lazima iwe kavu na isiwe na nta mbichi, maana gundi haikai juu ya mafuta. Pete ya mbele ya ngozi inakaa puani mwa skii katikati kabisa. Ikienda kando kidogo tu, ngozi yote inakuwa kama suruali iliyofungwa vifungo vibaya. Ukikata kando, acha ukingo wa chuma uonekane pande zote mbili, kwa sababu chuma ndicho kinachouma barafu mteremkoni, na manyoya yakikifunika mtu atateleza kama sabuni. Kata kwa mkono mmoja usiosimama. Ukisimama katikati kuvuta pumzi, kisu kitaacha jino, na jino hilo ndilo litakaloanza kubanduka.

Mimi nami nilikuwa na langu la kumpa. Turubai la lori lina vitundu vya kamba, na fundi yeyote wa Morogoro anajua kwamba ukivuta upande mmoja sana na mwingine kidogo, upepo wa barabarani utamaliza kazi. Nilimwonyesha Eino kwamba anavuta mkanda wa nyuma, ule unaoibana ngozi mkiani mwa skii, kwa kukadiria. Nikamwekea alama za kalamu, nikavuta kulia, nikavuta kushoto, nikarudi kulia. Kesho yake nikakuta ametia alama za kalamu kwenye jozi zake zote. Nilifanya naye kazi miaka mingi baada ya hapo, na hakuna sifa aliyonipa iliyozidi zile alama.

Skii za pua mbili zilianza kutujia kidogokidogo, kisha zikajaa. Ninyi mmezikuta, mnaziona za kawaida. Kwetu zilikuwa balaa. Skii ya zamani ya kupandia milima ina mkia bapa, na mara nyingi mkia huo una pengo dogo katikati. Ndoana ya ngozi, yaani kibanio kilicho mwishoni mwa mkanda, inaingia pale, inakaa. Hizi mpya zilikuwa pana kuliko kiganja changu na vidole vyake, na mkia umepinda kwenda juu kama pua, ili kijana aweze kutua na kuteleza kinyumenyume. Eino alizichukia. "Mtu anayetaka kwenda kinyumenyume," alisema, "alikuwa na haja gani ya kwenda?"

Shida yake ni hii. Ukiweka kibanio cha mkia bapa juu ya mkia uliopinda, kinakaa kwenye mteremko. Hakuna kinachokizuia ila mvuto wa mkanda. Mvuto ukilegea kidogo, kinapanda mpindo, kinachomoka. Isitoshe, ngozi iliyonyooka haiufuati mpindo vizuri. Panabaki uwazi mdogo chini ya mkia. Mtu akigeuka mlimani, mkia unachimba theluji, theluji inaingia kwenye uwazi, inakaa juu ya gundi. Gundi yenye theluji si gundi tena. Inabanduka shibiri moja, halafu dhiraa, halafu mtu amesimama mlimani na utepe wa manyoya mkononi.

Tulihangaika nazo misimu miwili. Mwisho tukapata njia, na njia yenyewe ndiyo hii mnayonidai. Ngozi iwe pana ya kutosha kufunika tumbo lote la skii, msikubali mteja awaletee za skii yake ya zamani. Iende mpaka ncha ya mkia, na ikatwe mviringo kwa kuufuata mkia wenyewe, isiishie kabla ya mpindo. Kibanio kiwe kile kipana chenye meno mawili yaliyoachana, kikamate mabega ya mkia badala ya ncha. Pale katikati, kwenye plastiki inayolinda mkia, piga tupa mara tatu au nne tu, upate kijipengo ambacho waya wa kibanio utalala ndani yake usihame. Mara tatu au nne, Kalala. Nimeziona zako. Wewe unachonga mtumbwi. Kisha vuta mkanda, kulia na kushoto, mpaka kibanio kikuhitaji vidole viwili na tusi dogo ili kitoke.

Na baada ya yote hayo kulikuwa na sharti la Eino: kila jozi iliyomalizika inalala nje, uani, siku nzima au usiku kucha. Asubuhi unaivuta kwa mkono mtupu na kuikunja mkia kwa goti. Ikishika kwenye baridi, mpe mteja. Isiposhika, rudi mezani. Hakuwahi kuruka sharti hilo, hata mteja awe amesimama pale mlangoni na mizigo.

Eino alistaafu akarudi kaskazini kwa dada yake. Aliniachia meza, tupa zake, na karatasi moja yenye namba ya simu. Bwana Nizar akaniita fundi mkuu, nami nikajiona nimeshajua.

Sasa niwaambie habari ya Salma, ambayo mmeisikia vipandevipande.

Salma alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, mzaliwa wa Agincourt, wazazi wake watu wa Tanga. Alikuwa anasomea uganga wa meno. Aliingia dukani na skii za pua mbili pana ajabu, za rangi ya chungwa, akasikia mimi na Bwana Nizar tunasemezana, akasema "Shikamoo, Anti," na baada ya hapo hakutamka neno lingine la Kiswahili. Anaelewa kila kitu, anajibu kwa Kiingereza, kama watoto wetu wengi. Yote aliyoyasema nayaandika hapa kwa lugha yangu.

Alitaka ngozi. Alikuwa anaondoka jioni ileile na rafiki yake kwenda milima ya Quebec. Ilikuwa wiki ya kabla ya sikukuu, duka limejaa, watu wanagombea zamu ya kunolewa skii zao. Nilizikata vizuri, nasema kweli. Sijawahi kukata mviringo safi kama ule. Nikafunga kibanio, nikavuta, kikashika. Uani hakukuwa na nafasi wala hapakuwa na muda.

"Ingefaa zilale nje," nilimwambia.

"Anti, basi linaondoka saa kumi na moja."

Nikampa. Alinikumbatia, gundi ikagusa shela langu, tukacheka.

Jumatatu iliyofuata ikaja barua pepe kutoka kwa Salma. Ilikuwa ya upole, na hilo ndilo lililonichoma. Siku ya pili ya kupanda, baridi ilikuwa kali sana, mkanda wa mpira ukakakamaa ukapoteza mvuto, kibanio cha mguu wa kushoto kikachomoka alipogeuka. Theluji ikaingia. Wakiwa juu ya msitu, upepo unavuma, Salma alivua glavu ili akwangue gundi kwa kucha na kuifunga ngozi kwa mkanda wa gundi. Alijaribu mara kadhaa. Mwisho walikata tamaa wakashuka kwa miguu, theluji ikifika mapajani. Walipofika kwenye nyumba ya wapandaji, vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vyeupe kama mshumaa. Daktari alisema baridi imeviunguza, na kwamba itachukua wiki kadhaa kujua vitarudi vipi.

Nilisoma nikiwa nimesimama. Bwana Nizar aliniingiza ofisini mwake akafunga mlango. "Mama Zuhura, usijibu neno. Acha nizungumze na wakili kwanza."

"Ni kosa langu."

"Ndiyo sababu nakwambia usijibu."

Simlaumu. Duka lilikuwa lake na la wanawe, nami nilikuwa nimelitia hatarini. Nilirudi karakana, nikachukua ile karatasi ya namba ya simu, nikampigia Eino. Nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulizilaza nje?" aliuliza.

"Hapana."

"Umeshamwambia?"

"Nani?"

"Msichana."

"Bado."

"Sasa kwa nini unanipigia mimi?"

Akakata. Nilikasirika kwa nusu saa. Kisha nikapanga kwamba kesho, baada ya kazi, nitakwenda Agincourt mwenyewe, wakili apende asipende.

Sikuwahi. Asubuhi ile, duka limefunguliwa tu, mama yake akaingia. Alikuwa mwanamke mfupi, amevaa koti la kijivu na hijabu iliyofungwa imara, mkononi amebeba mfuko wa plastiki. Bwana Nizar alimwendea na Kiingereza chake cha mauzo. Mama yule akamsikiliza sentensi moja, kisha akamgeukia kwa Kiswahili cha Tanga kilichonyooka.

"Nimeambiwa hapa kuna Mswahili. Nataka yeye."

Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa karakana na aproni. Nikasema, "Karibu, mama. Ni mimi."

Alitoa kibanio kwenye mfuko akakiweka juu ya meza ya kioo. Waya ulikuwa umepinda. "Nani alimfungia mwanangu kitu hiki?"

Nilimwona Bwana Nizar akinikodolea macho nyuma ya bega lake. Nilijua nikisema, huenda nikarudi kwenye mashuka. Nikasema.

"Nilifunga mimi, mama. Kilitakiwa kijaribiwe kwenye baridi kabla ya kumpa. Mwalimu wangu alinifundisha hivyo, nami nilikuwa nafanya hivyo kila siku. Siku ile kulikuwa na watu wengi, sikufanya. Salma hakukosea kitu. Niliyekosea ni mimi. Naomba radhi kwako na kwake."

Nadhani alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, amekuja na maneno yake tangu Agincourt, na sasa hayakuwa na pa kuingia. Aliketi kwenye benchi la kujaribia viatu.

"Anasomea meno," alisema. "Unajua mtu wa meno anafanya kazi kwa nini? Kwa vidole. Baba yake amekufa akimsomesha." Sauti yake ikapanda. "Mimi nilimkataza huko milimani! Nikamwambia, sisi tumekimbia shida, wewe unaifuata shida mpaka juu ya mlima!"

Mlango ukafunguliwa, Salma akaingia. Alikuwa ameachwa garini. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji nyeupe kama glavu ya mpiga ngumi. Niliposogea aliniwahi kunishika kwa mkono wa kushoto.

"Mama amekupigia kelele?" aliuliza.

"Ana haki."

"Anti, nikipona nataka unifungie tena. Lakini safari hii zilale nje."

Mama yake akasimama kwa ghafla. "Umesikia? Umesikia huyu mtoto?" Aliniuliza mimi, kana kwamba mimi na yeye tulikuwa upande mmoja. Hata leo sijui ni lini hasa niliingia upande wake, ila nadhani ilikuwa pale.

Vidole vya Salma vilipona. Kucha zilidondoka, zikaota upya, na kufika kiangazi alikuwa na hisia kwenye vidole vyote, isipokuwa ncha ya kile cha shahada, ambayo mpaka sasa inawahi kuona baridi. Alimaliza masomo yake. Bwana Nizar hakuhitaji wakili. Hakunifukuza wala hakuzungumzia jambo lile tena kwa maneno. Alichofanya ni hiki: mwezi wa tisa alikuja na gari la mizigo, ndani yake friza ndefu ya kulala iliyokuwa kwenye chumba cha chini cha nyumba ya mama yake. Wakaiingiza karakana yeye na mwanawe, wakaichomeka.

"Baridi isiwe ya kungoja," alisema. "Hata watu wakiwa wengi, hata iwe Oktoba, tia humu saa mbili, toa, vuta."

Tulipofungua kifuniko tulikuta mifuko minne ya kachori za mama yake, zimeganda. Tulizila mchana ule. Ile friza ndiyo hiyo mnayoitumia, na sasa mnajua kwa nini huwa nawafokea mkiweka chakula juu ya ngozi. Kachori zilipewa ruhusa kwa sababu zilitangulia.

Vuli ile Salma alileta zile skii za chungwa. Alikuja na mama yake. Mama Salma alivuta kiti akakaa mbele ya meza yangu, mkoba magotini, kama anasimamia mtihani. Nilikata ngozi mpya. Nikabadilisha mkanda: badala ya mpira ule wa kawaida nikatumia ule mnene usiokakamaa upesi, nikaushona mara mbili kwa uzi wa maturubai. Kibanio cha meno mawili, kijipengo cha tupa, mviringo mpaka ncha. Nikatia kwenye friza. Baada ya saa mbili nikatoa, nikavuta. Kibanio cha kulia kikasogea, unene wa ukucha tu.

Ningeweza kusema kimeshika. Mama Salma hakuwa fundi, asingejua. Nilirudisha mezani, nikafupisha mkanda, nikarudisha kwenye friza. Mara ya pili kikasogea tena, kidogo zaidi ya unywele. Nikagundua kijipengo changu kimekaa upande kidogo. Nikabadilisha ile plastiki ya mkia, nikaanza upya. Mara ya tatu nilivuta mpaka bega likaniuma, na hakuna kilichosogea. Nikainua skii, nikaikunja mkia kwa goti, nikaipiga sakafuni. Hakuna.

"Nipe," alisema Mama Salma. Akasimama, akavua koti, akaweka mguu mmoja juu ya skii, akashika kibanio kwa mikono miwili na kuvuta kama mtu anayeng'oa muhogo. Alivuta mpaka hijabu ikalegea. Kisha akavuta cha pili. Akaketi, anahema.

"Haya," akasema. "Hicho sijakiweza."

Sijapata mkaguzi mkali kuliko yule, na tangu siku ile kila jozi ya pua mbili niliyoifunga niliivuta nikimfikiria yeye. Nawashauri nanyi mtafute mtu wenu wa kumfikiria. Njeri, wewe unapenda kuniambia, "Mathe, hii imeshika, wacha iende." Mwache mama wa mtu avute kwanza, hata kama ni kichwani mwako tu.

Mwezi wa pili Salma alikwenda tena Quebec, mlima uleule. Siku aliyopanga kupanda ilikuwa Jumamosi. Asubuhi, nikiwa nyumbani Weston, simu ikalia.

"Uko wapi?" Mama Salma aliuliza.

"Nyumbani."

"Njoo kwangu."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Njoo ukae hapa. Kama zikitoka, nataka uwe mbele ya macho yangu."

Nilivaa nikaenda. Ni safari ndefu kutoka Weston hadi Agincourt, treni na mabasi mawili, na njia nzima nilikuwa nahesabu hatua za kufunga kichwani kama mtu anayerudia sura kabla ya sala. Alinifungulia mlango, akaniketisha sebuleni, akanipa chai. Jikoni kulikuwa na harufu ya wali wa nazi na samaki, lakini sufuria zilikuwa zimefunikwa, naye hakuzigusa. Sikuuliza. Simu yake iliwekwa mezani katikati yetu, uso juu.

Saa sita ilipita. Tuliongea kidogo, habari za Tanga, habari za Morogoro, nani aliyekufa, nani aliyerudi kujenga. Alinionyesha picha ya marehemu mumewe akiwa amevaa koti la kwanza alilonunua huku, mikono mirefu inafunika vidole. Tuliswali adhuhuri. Alinyoosha nguo ambazo zilikuwa zimeshanyooshwa. Mimi niliomba sindano nikamshonea pindo la pazia.

Saa tisa alisema, "Kule juu hakuna mtandao, sivyo?"

"Hakuna. Mpaka washuke."

"Aliniambia saa nane watakuwa wameshuka."

"Theluji ikiwa laini wanachelewa."

"Wewe umejuaje? Umewahi kupanda?"

"Sijawahi," nilikiri.

Dirishani mwanga ulikuwa unapungua. Tuliswali alasiri, na kwenye sijda ya mwisho alikaa muda mrefu hata nikaona haya kumtazama. Nilijiuliza ile plastiki ya mkia niliyobadilisha, kama niliibana skrubu zote mbili. Nilijua nimezibana. Nilijiuliza tena.

Ilikuwa karibu na magharibi simu ilipolia. Alikuwa ameishika kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Salma? Salma! Vidole?" Ndilo neno la kwanza alilosema. Akasikiliza. "Vyote? Nihesabie." Akasikiliza tena, midomo yake inafuata, mpaka kumi. Kisha akamwambia Salma, huku akininyooshea simu bila kunitazama, "Mwambie mwenyewe."

Sauti ya Salma ilikuwa imechoka, na nyuma yake watu wakicheka na vyombo vikigongana. Alisema walichelewa kwa sababu walipanda mara mbili. Baridi ilikuwa kali kuliko mwaka uliopita, na ngozi hazikusogea hata mara moja. Kule juu alishindwa kuzitoa, ikabidi rafiki yake amsaidie, na wote wawili walitumia lugha isiyofaa kurudiwa mbele ya mama.

"Anti, uko hapo?" aliuliza.

Nilikuwepo. Nilitikisa kichwa kama mjinga, kana kwamba angeniona.

Nilipoweka simu chini, Mama Salma alikuwa ameingia jikoni. Nilimwona kwa mgongo, amesimama mbele ya sinki, maji yanatiririka na hakuna anachoosha. Nilimwacha. Baadaye maji yakafungwa, nikasikia vifuniko vya sufuria vikiondolewa, kimoja, cha pili. Akatoka na sahani mbili, ya kwangu imejaa kupita kiasi, akaiweka mbele yangu, akafuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Kula, dada yangu," alisema. "Tangu asubuhi nimekushindisha na njaa."

Nilikula sahani mbili. Ya tatu nilifungiwa, nikapanda nayo mabasi na treni mpaka Weston, ikiwa bado ya moto magotini mwangu.